TWT yako inalia, geini inapanda na kushuka, au volti imehama: tafuta hapa kabla hujasokota heliksi nyingine

Hii ni kwa mwenye TWT, yaani tyubu ya vakyumu inayokuza mawimbi ya maikrowevu kwa mwali wa elektroni, ambaye heliksi yake (waya uliosokotwa kama springi) imeshasokotwa, imeshabanwa ndani ya bomba, tyubu imeshavutwa vakyumu, amewasha, na kilichotoka sicho alichotegemea. Kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu anafanya hapo ni kulaumu pichi (umbali kati ya mzunguko mmoja wa waya na unaofuata), anarudi kwenye kompyuta, anasokota heliksi nyingine, wiki zinaisha na tatizo liko palepale. Naomba usifanye hivyo. Kila ugonjwa wa hizi tyubu unaacha namba, inaweza kuwa umbali wa megahezi kati ya kilele na kilele, inaweza kuwa volti, inaweza kuwa dakika, na hiyo namba ukiipigia hesabu inakunyooshea kidole mahali penyewe penye ubaya.

Tuchukue tyubu moja tuitumie mwanzo mpaka mwisho ili tusichanganyane. TWT ya heliksi, gigahezi 8 mpaka 12, mwali wa elektroni unasukumwa kwa volti 3,000, mkondo miliampia 50. Kwa volti hizo elektroni zinakimbia kama asilimia 10.8 ya kasi ya mwanga, kwa hiyo na wimbi lazima lishushwe mpaka kasi hiyohiyo, maana shughuli nzima ni hivi viwili kutembea bega kwa bega muda wa kutosha elektroni ziliachie wimbi nguvu zake. Ndo kazi ya heliksi: wimbi linafuata waya uliosokotwa kama mwadhini anayepanda ngazi ya mzunguko ndani ya mnara, miguu inakwenda mbio lakini kimo kinaongezeka taratibu. Nusu kipenyo cha heliksi yetu ni milimita 1, pichi milimita 0.79. Ingekuwa inaning'inia peke yake wimbi lingekwenda kama asilimia 12.5 ya kasi ya mwanga, ila imeshikwa na fimbo 3 za berilia (kauri ya oksidi ya berili) ndani ya bomba la stenlesi na hizo fimbo ndo zinamalizia kulivuta wimbi mpaka 10.8. Heliksi imekatwa vipande viwili, kila kipande milimita 60, katikati pana mkato wenye kaboni ya kumeza wimbi. Kwenye gigahezi 10 wimbi ambalo hewani lina urefu wa milimita 30, humo ndani lina milimita 3.24 tu.

Afu kabla hatujaenda mbali, volti 3,000 zenye mkondo nyuma yake zinaua, zima, subiri, gusisha kwenye ethi ndo uweke mkono. Na fimbo za berilia usizipige msasa wala kuzikata kwa kawaida, vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa usiopona. Ukihitaji kufanya majaribio ya kukatakata tumia alumina, kubali tu kwamba kasi itabadilika.

DALILI YA KWANZA: geini inapanda na kushuka kwa mpangilio

Ukichora geini (kiasi ambacho tyubu inakuza wimbi) dhidi ya masafa unaona milima na mabonde yaliyopangana vizuri kama meno ya kitana. Huo ni mwangwi. Kuna sehemu mbili zinazorudisha wimbi na wimbi linacheza kati yake, na umbali kati ya kilele na kilele unakwambia sehemu hizo zimeachana kiasi gani. Chukua kasi ya wimbi gawanya kwa mara mbili ya urefu. Kwa kipande chetu cha milimita 60, wimbi linaenda na kurudi kwa kama nanosekunde 3.7, kwa hiyo vilele vinaachana megahezi 270. Ukiona 270 basi mwangwi uko kati ya kapla (kiungo cha kuingizia au kutolea wimbi kwenye heliksi) na kaboni ya mkato wa kipande kilekile. Ukiona kama 135, wimbi linavuka mkato, yaani kaboni haimezi chochote cha maana na vipande viwili vinaongea.

Sasa hapa ndo pana mtego ambao umeshakula muda wa watu wengi sana. Kebo ya kawaida ya maikrowevu yenye urefu wa sentimita 40, wimbi likienda humo kwa asilimia 70 ya kasi ya mwanga, inatoa vilele vya megahezi 262. Karibu sawa na heliksi yako! Nimeshuhudia tyubu nzima ikifunguliwa, mkato ukapakwa kaboni upya, kumbe koneka ya kebo ilikuwa imelegea. Kwa hiyo kabla ya lolote badilisha kebo, weka ndefu au fupi zaidi, uone kama vilele vinahama. Vikihama, tatizo liko nje na umeokoa mwezi. Visipohama endelea ndani.

Ukishajua ni ndani, tumia netiweki analaiza, mashine inayotuma wimbi na kupima linalorudi na linalopita, bila mwali wa elektroni, hiki ndo kipimo cha baridi, na geuza matokeo yawe ya muda badala ya masafa. Angalia sana kipimo cha umbali kwenye skrini kwa sababu mashine inadhani wimbi linakwenda kwa kasi ya mwanga, kipande chako cha milimita 60 kitaonekana kama sentimita 55 za hewa, na mtu asiyejua anaanza kutafuta kosa kwenye meza ya jirani. Ingiza kasi halisi. Ukiwa na upana wa gigahezi 4 unaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kama milimita 4 hivi ndani ya heliksi, inatosha kabisa kujua kama ni kapla, ni mwanzo wa kaboni, au ni mzunguko mmoja katikati uliosogea wakati wa kubana.

Mwangwi ukiwa kwenye kaboni, mara nyingi imeanza ghafla mno. Kaboni inatakiwa ianze nyembamba kabisa inenepe polepole kwenye urefu wa mawimbi kadhaa, kwa tyubu yetu usishuke chini ya milimita 10 na ukipata 15 ni bora zaidi. Watu wakiona mwangwi wanaongeza kaboni wakidhani haimezi vya kutosha, kumbe kaboni nene sana inaanza kufanya kazi kama chuma, inalirudisha wimbi badala ya kulimeza. Mwangwi ukiongezeka baada ya kuongeza kaboni basi ulikuwa unatakiwa upunguze.

Mwangwi ukiwa kwenye kapla, angalia mzunguko wa mwisho wa heliksi pale inapounganishwa na pini ya katikati. Hapo hata sehemu ya kumi ya milimita inaonekana. Dirisha la kauri nalo lina mwangwi wake ila liko nje ya heliksi, kwenye picha ya muda litatokea kabla ya kapla.

DALILI YA PILI: tyubu inalia bila kupewa chochote

Umeondoa ingizo, umefunga mlango wa kuingilia kwa lodi (kizibo kinachomeza wimbi), na bado nguvu inatoka. Ni kama maikrofoni ya msikitini au kanisani ikielekezwa kwenye spika, inapiga mluzi yenyewe. Lakini kwenye TWT kuna miluzi ya aina mbili na dawa zake hazifanani, ndo maana lazima utofautishe kwanza.

Fanya hivi. Weka spektramu analaiza (mashine inayoonyesha ni masafa gani yanatoka), na tafadhali iwe inafika juu kabisa, usiishie gigahezi 12 kwa sababu tyubu yako ni ya 12. Anza kupandisha volti ya mwali taratibu, volti 10 kwa 10, huku unaangalia masafa ya mluzi.

Masafa yakikaa palepale afu yakaruka ghafla kwenda kituo kingine, na ruko lenyewe ni kama megahezi 270, huo ni mluzi wa mwangwi, ndugu yake dalili ya kwanza aliyekua mkubwa. Hesabu yake ni nyepesi: chukua geini ya kipande kwa desibeli, toa upotevu wa njia ya kurudi, toa kinachopotea kwenye kila mwisho wakati wimbi linarudishwa. Ikibaki chini ya sifuri uko salama, ikivuka sifuri inalia. Kipande chetu kina geini ya 32, njia ya kurudi inapoteza 4, kapla inarudisha kwa 12 chini, kaboni kwa 15 chini, 32 toa 4 toa 12 toa 15 inabaki 1, inalia. Rekebisha kapla ifike 20 chini na hesabu inakuwa 7 chini ya sifuri, mluzi unakufa. Ila usiridhike hapo! Mzunguko ulio 10 chini ya sifuri bado unakuachia milima na mabonde ya karibu desibeli 6, na hata ukiwa 20 chini bado ni kama 1.7. Kwa hiyo kama una tyubu isiyolia lakini ina meno ya kitana makubwa, ujue iko ukingoni, siku volti ikipanda kidogo au kathodi ikitoa zaidi, italia.

Ndo maana pia heliksi inakatwa katikati. Mtu anayejaribu kupata desibeli 50 kwenye kipande kimoja anaomba kapla na kaboni zisizokuwepo duniani. Mimi nikivuka 30 kwa kipande kimoja naanza kukosa usingizi, naongeza mkato.

Masafa yakiteleza mfululizo bila kuruka kadiri unavyopandisha volti, huo ni mluzi wa wimbi la kinyume. Heliksi ni muundo unaojirudia, kwa hiyo pamoja na wimbi kuu kuna mawimbi pacha, na mojawapo linapeleka nguvu kurudi nyuma huku vilele vyake vikitembea mbele na elektroni. Hapo elektroni zenyewe ndo zinakamilisha mzunguko, halihitaji mwangwi wowote, unaweza kuwa na kapla ya ajabu na bado likalia. Masafa yake ni karibu kasi ya wimbi gawanya kwa pichi mara mbili, kwa tyubu yetu ni gigahezi 20.5. Unaona kwa nini nilisema analaiza ifike juu? Kapla za 8 mpaka 12 zinalipitisha kidogo tu, unaona kialama chembamba unakipuuza, wakati ndani mwali unatikiswa na geini yako inaliwa. Pandisha volti kwa asilimia 10, likihama kama nusu gigahezi kwenda juu basi ni lenyewe. Uthibitisho wa pili ni mkondo, ukishusha miliampia kuna mahali linazima, ukipandisha kidogo linarudi.

Dawa za hili ziko kwenye muundo wa heliksi, hapa ndo pichi inahusika kweli. Unaweza kufupisha kipande cha kutokea, kwa kuwa wimbi la kinyume linahitaji urefu ili lianze. Unaweza kubadilisha pichi katikati ya kipande, tuseme 0.79 halafu 0.75, hapo wimbi la kinyume linapoteza mdundo maana kila sehemu inataka masafa yake, ila pima upya geini yako pia kwa sababu wimbi kuu nalo linaguswa. Au unachora mistari midogo ya chuma juu ya fimbo yenye kumeza karibu na gigahezi 20 tu na kuliacha 8 mpaka 12 lipite. Hii ya mwisho ni nzuri sana ikitengenezwa vizuri, ila mistari ikikosewa urefu inashuka na kumeza bendi yako mwenyewe, kwa hiyo pima upotevu wa baridi kabla hujafunga.

DALILI YA TATU: geini ipo lakini kwa volti nyingine

Ulipanga 3,000, geini nzuri inakuja 3,180. Nishati inakwenda na mraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 6 ya volti ni asilimia 3 ya kasi, wimbi lako linakwenda haraka kuliko ulivyopanga kwa asilimia 3. Kwa pichi hiyo ni milimita 0.024 tu, unywele ni mnene kuliko hapo.

Lakini pichi sio mshitakiwa pekee. Pima kasi kwenye masafa kadhaa. Njia ninayoipenda ni ya kuvuta shanga: tunga shanga ndogo kwenye uzi mwembamba wa nailoni, ipitishe katikati ya heliksi, ivute polepole huku unasoma wimbi linalorudi, fezi inapanda na kushuka na kila nusu urefu wa wimbi inajirudia. Kwa gigahezi 10 nusu ni milimita 1.62, kwa hiyo shanga ya milimita 1 ni kubwa mno, tafuta ya 0.4 au chini. Vuta uzi mtupu kwanza uone wenyewe unafanya nini. Vuta kwenda na kurudi, mistari miwili isipolingana basi joto la chumba linahama au uzi unanyumbuka.

Kasi ikiwa imezidi kwa kiwango kilekile bendi nzima, ni pichi. Ikiwa imeharibika zaidi upande wa gigahezi 8 na upande wa 12 iko karibu sawa, angalia bomba, kwa sababu masafa ya chini ndo yenye uwanja unaotanuka mpaka ukutani na ya juu yanajikunyata karibu na waya. Fimbo nazo uzichunguze kwa jicho kali. Berilia ina namba ya dielektriki karibu na 6.5, alumina inaelekea 9 na zaidi, zikichanganywa sandukuni utajua mara moja. Mbaya ni nitridi ya boroni ile ya kuotesha kwa tabaka, upande mmoja karibu 5 na upande mwingine karibu 3.4, fimbo ikikatwa kwa mwelekeo usio sahihi inaonekana ileile kwa macho na wimbi linakwenda mbio. Andika mwelekeo kwenye pakiti kabla ya kukata.

Na kama kipimo cha baridi na kompyuta ndo havikubaliani, anza kuishuku kompyuta: je, ulichora waya kama utepe wenye unene wake halisi, je, fimbo inagusa waya au kuna kijinafasi cha hewa, je, ukigawanya vipande vidogo zaidi jibu linatulia au bado linahama? Jibu linalohama usilikatie heliksi.

DALILI YA NNE: volti sahihi, hailii, lakini geini ndogo

Rudolf Kompfner aliyetengeneza tyubu ya aina hii pale Birmingham mwaka 1943 alikuwa amesomea usanifu wa majengo, na hesabu zilizokuja kuinyoosha ni za John Pierce wa Bell Labs, bado tunazitumia. Chukua impidansi ya kukutania wimbi na mwali (kipimo cha jinsi wimbi linavyoushika mwali), zidisha na mkondo, gawanya kwa volti mara nne, tafuta kipeuo cha tatu, hiyo ni C. Geini kwa desibeli ni 47.3 mara C mara idadi ya mawimbi, toa 9.54. Kwa oumu 25 C yetu ni 0.047, kipande kina mawimbi 18.5, jibu ni karibu 32 kabla hujatoa upotevu.

Uzuri wa kipeuo cha tatu ni kwamba impidansi ikishuka asilimia 20 unapoteza kama desibeli 3 tu kwa kila kipande. Kwa hiyo ukikosa desibeli 10, usihangaike na impidansi peke yake, tafuta upotevu au mwali usiofika. Upotevu: tangsteni na molibdenamu zinapitisha umeme kama theluthi moja tu ya shaba, upotevu wake kwenye maikrowevu ni karibu mara 1.8, na aliyeweka shaba safi kwenye kompyuta kajidanganya mwenyewe. Paka shaba juu ya waya kama fundi wako anaweza kupaka laini, maana kwa gigahezi 10 umeme unatembea kwenye ngozi ya mikromita 0.66, mikwaruzo minene kuliko hapo inarefusha njia.

Ukipima impidansi kwa kuingiza fimbo nyembamba katikati, hakikisha iko katikati kweli. Uwanja unaongezeka unavyosogea waya, fimbo ikilala nusu milimita pembeni inasoma kama asilimia 50 zaidi, unaandika impidansi nzuri kwenye daftari na tyubu inakukatalia.

DALILI YA TANO: inaanza vizuri, baada ya dakika chache inashuka

Ukiizima ikapoa inarudi. Hii ni joto, na karibu kila mara ni mguso kati ya heliksi na fimbo. Stenlesi inatanuka karibu mara 4 ya tangsteni, bomba likipata moto linafunguka, fimbo zinalegea, heliksi inakosa pa kupeleka joto, inakuwa moto zaidi, upotevu unapanda, nao unaleta joto jingine. Weka kipande kwenye oveni bila mwali, pima upotevu kila nyuzi 20, ukiona unaruka ghafla badala ya kupanda taratibu basi hapo ndo fimbo zimeachia. Dawa ni kubana zaidi wakati wa kuingiza, au kuchomelea kwa brezi heliksi kwenye fimbo, ambayo ni kazi ngumu lakini inamaliza ubishi.

Kabla ya kulaumu mguso soma mkondo wa heliksi. Ukiwa mkubwa hata bila ingizo, mwali umepinda, ni sumaku au bunduki ya elektroni, anza kugeuza sumaku moja moja. Ukiwa mdogo bila ingizo na unapanda unapoongeza ingizo, wimbi lenyewe linautawanya mwali mwishoni mwa kipande cha kutokea, na hapo kinachosaidia ni kuongeza nguvu ya sumaku za mwishoni au kushusha ingizo. Usiache miliampia 5 kati ya 50 zikipiga heliksi kwa volti 3,000 huku unatafuta sababu, hizo ni wati 15 kwenye waya mwembamba ndani ya vakyumu, weka kikata umeme kizime chenyewe.